Kovu Ndani ya Fuvu

Tarehe 25 Mei 1886, mjini London, daktari Victor Horsley alifungua fuvu la kijana wa miaka 22. Utotoni kijana huyo aligongwa na gari la farasi, mfupa wa kichwa ukabonyea. Jeraha lilipona, lakini kifafa kikamwandama. Horsley alilikata kovu lililokuwa katika ubongo, na kuanguka kukakoma.

Msomaji atauliza: kama kovu ndilo lililoleta kifafa, je, kisu nacho si huacha kovu? Naam, huacha. Seli za ubongo zilizo kando ya kovu huweza kutoa umeme wake ovyo, miezi au hata miaka baada ya mtu kupasuliwa. Anayeshikwa katika juma la kwanza mara nyingi ni kwa uvimbe au damu iliyovuja, na huenda asishikwe tena.

John Hughlings Jackson, aliyekuwapo siku ile, alikwisha kueleza jinsi kifafa hiki kinavyotembea: kidole gumba huanza kuchezacheza, kisha mkono, kisha uso, mgonjwa akiwa bado na fahamu zake. Kwetu dalili hiyo hupuuzwa au huitwa pepo (nimewasikia hata wasomi), mpaka mtu aangukie motoni. Hapo ndugu husema hospitali ndiyo iliyomharibu, wakamwachisha dawa. Fenobabitali, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, bado ni ya bei nafuu. Ikikatizwa ghafla, kifafa huweza kurudi mfululizo bila mgonjwa kuzinduka, na hicho huua.