Mtoto Mgonjwa na Urefu wa Njia



Katika miji ya Tanga na Pangani, jina la Waha si geni. Zama za utawala wa Mwingereza, maelfu ya vijana walitoka Kasulu, Kibondo na Buhigwe, milimani karibu na mpaka wa Burundi, wakaja pwani kukata mkonge. Watu wakawaita manamba. Wengi waliletwa na Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, safari ya kiasi cha kilometa 1,250 mpaka Dar es Salaam. Jasho lao limo katika utajiri wa pwani yetu.

Leo njia hiyo ina msafiri mwingine: mama aliyebeba mtoto mwenye saratani. Buhigwe ilifanywa wilaya mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Kasulu. Hospitali za kutibu homa na kuzalisha ziko huko, lakini matibabu kamili ya saratani ya watoto yako mbali. Mama huyo atashika njia ya Kibondo kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, au atakuja Muhimbili, Dar es Salaam.

Wapo kati yetu wanaosema: "Saratani haina dawa, afadhali mtoto afie kwao." Maneno hayo hutoka katika huruma, lakini si kweli, na historia ya Afrika Mashariki ndiyo inayoyakanusha.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Baadaye kidogo akaona mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja. Akaanza kuuliza: ugonjwa huu unapatikana wapi? Akaandikia hospitali nyingi za Afrika, kisha mwaka 1961, pamoja na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, akasafiri kwa gari kuukuu kiasi cha kilometa 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini, akipita hospitali hata hospitali. Waligundua kwamba uvimbe ule ulikuwa mwingi katika nchi za chini zenye joto na mvua, na nadra katika milima mirefu. Baadaye ilijulikana kwamba malaria na kirusi kiitwacho Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964, vinahusika nao. Lakini mtu wa milimani asijidanganye, kwani saratani za damu, za jicho na za figo huwapata watoto wa juu na wa chini.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa katika tiba. Mulago wakati huo haikuwa na mashine za mionzi. Madaktari wakatumia dawa peke yake, na uvimbe uliokuwa umeharibu uso wa mtoto ukaanza kunywea kwa siku chache. Baadhi ya watoto wale walipona kabisa. Mwaka 1967 kikafunguliwa hapo Mulago kituo maalumu cha ugonjwa huo, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Basi moja kati ya saratani za kwanza duniani kuponywa kwa dawa tupu iliponywa hapa kwetu, kwa watoto wa maskini.

Kwa nini basi, miaka sitini baadaye, Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 katika kila 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini hawafiki hata 30? Dawa zenyewe hukosekana mara nyingi, na wagonjwa huchelewa kutambuliwa. Lakini iko sababu nyingine ambayo watu huidharau: wengi huanza matibabu wasiyamalize.

Tufikirie hali ya mama wa Buhigwe. Ameacha shamba la maharage na watoto wengine kwa jirani. Baada ya dawa za mwanzo uvimbe umeshuka, mtoto anacheka na anakula. Nauli imekwisha, na hana mahali pa kulala mjini. Anaona mwanawe amepona, anarudi kwao. Lakini saratani ya damu hutaka matibabu ya miaka miwili au zaidi. Ugonjwa unarudi, na safari hii una nguvu kuliko mwanzo.

Kwa hiyo kitanda cha mama, sahani ya chakula na tiketi ya basi ni sehemu ya dawa. Shirika la Tumaini la Maisha, lililoanzishwa mwaka 2011, linafanya kazi na Muhimbili kwa msingi huo: matibabu bila malipo, malazi kwa familia zinazotoka mbali, na masomo kwa watoto wakiwa hospitalini. Na kwa yule ambaye hatapona, iko dawa ya maji ya mofini ya kutuliza maumivu. Wengine huiogopa wakidhani ni kileo. Mgonjwa anayepewa na daktari kwa kipimo hatafuti ulevi. Na kanuni ya dharura inajulikana kwa kila mwanachuoni. Kumwacha mtoto alie usiku kucha na dawa ipo si subira.

Wala jambo hili si geni katika historia yetu Waislamu. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa mjini Cairo na kuiwekea wakfu. Wanahistoria wanaeleza kwamba mgonjwa alitibiwa na kulishwa bure, na alipotoka alipewa fedha ili asilazimike kurudi kazini kabla ya kupata nguvu. Walielewa kwamba umaskini humrudisha mtu kitandani.

Sisi wa pwani tunajua wakfu: wa misikiti, wa visima, wa minazi. Je, familia kumi za mtaa mmoja haziwezi kuweka wakfu chumba kimoja karibu na hospitali, au nauli ya kwenda na kurudi kwa mtoto mmoja mpaka amalize matibabu? Hao ni wajukuu wa wale waliokata mkonge wetu.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wagonjwa, na atuwezeshe kuwafaa. Amin.