Hewa ya Ngomeni

Hebu nianze na swali alilonitupia babu, maana bila swali hilo makala haya yasingekuwapo.

Tulikuwa barazani, Malindi, jioni. Mimi na kompyuta mapajani, yeye na wavu wake wenye matundu. Nilikuwa najaribu kumweleza kazi inayonikosesha usingizi: kukokotoa mwendo wa setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018 na kuanguka mwaka 2020.

"Kwa nini ianguke? Si waliirusha ikae?"

"Hewa, babu. Hata huko juu, kilomita 400, ipo hewa kidogo. Inaipunguzia nguvu polepole."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na hiyo hewa ya huko, mjukuu wangu, nani alipanda kuipima?"

Nikabaki mdomo wazi. Mimi niliyejifanya mtaalamu sikuwahi hata kujiuliza. Nilikuwa nimeikuta hewa hiyo ndani ya programu, imeshapimwa, kama mtu anayekuta maji kwenye mtungi asijue kisima kiko wapi.

Sasa, msomaji, nisikupoteze. Tangu Newton achapishe kitabu chake mwaka 1687, kanuni ya kukokotoa mwendo wa kitu angani ni ile ile: taja kani zote zinazokisukuma na kukivuta, zijumlishe, utajua kinakwenda wapi. Maneno mepesi. Shida iko kwenye hilo neno "zote". Dunia inavuta, lakini si tufe kamili, imevimba kiunoni, kwa hiyo mvuto wake haulingani kila mahali. Mwezi unavuta. Jua linavuta. Tena mwanga wa jua wenyewe unasukuma. Jambo hilo lilionekana wazi kwenye Vanguard 1, setilaiti ya Marekani ya mwaka 1958, ambayo njia yake haikukubaliana na hesabu mpaka kani ya mwanga ilipoongezwa. Na ipo hewa.

Kuongeza kani ni kishawishi kikubwa. Mwaka 1747, Mfaransa Alexis Clairaut alikuta hesabu ya mwezi inatoa nusu tu ya kile wanaanga walichokiona: lile pembe la njia ya mwezi lililo mbali na dunia lilikuwa linazunguka kasi maradufu. Akatangaza mbele ya wakubwa wa Paris kwamba sheria ya Newton ina upungufu, iongezewe kipande. Kumbe! Mwaka 1749 akarudi na kukiri: Newton hana kosa, hesabu yangu ndiyo niliyoikatisha mapema mno. Jamaa huyo nampenda. Si wengi wanaorudi mbele ya watu wale wale kula maneno yao.

Lakini wakati mwingine kani inakosekana kweli. Njia ya Sayari Zebaki ilikuwa na ziada ndogo ambayo Le Verrier aliitangaza mwaka 1859, watu wakatafuta sayari iliyojificha, hawakuipata, hadi Einstein mwaka 1915 alipoieleza bila sayari yoyote mpya. Utajuaje basi kama umekosa kani au umekosea hesabu? Swali hilo lilinikuta mimi mwenyewe, na nitalisema, ingawa ni aibu.

Maktaba niliyoitumia inaitwa Orekit. Ukisikia maktaba usifikirie makabati ya vitabu. Ni fungu la programu zilizokwisha andikwa, ambazo mwingine huzitia ndani ya programu yake asianze na moja. Ilianza mwaka 2002 Ufaransa, ndani ya kampuni ya CS, kwa lugha ya Java. Mwaka 2008 wakaifungua: chanzo chake chote kikawekwa hadharani kwa leseni ya Apache. Maana yake, mimi wa barazani Malindi na profesa wa Ulaya tunasoma mistari ile ile, na hakuna anayetutoza senti.

Kilichonivutia ni namna walivyozipanga kani. Ni kama baraza la wazee. Setilaiti inasimamishwa mbele yao: saa ni hii, iko hapa, inakwenda kasi hii. Kila mzee ni kani moja, na wote wanaulizwa swali moja tu: wewe unaipa mchapuko kiasi gani, kuelekea wapi? Mzee Mwezi anajibu lake. Mzee Mwanga anajibu lake. Akikuta setilaiti iko kivulini mwa dunia, ananyamaza. Majibu yanajumlishwa, setilaiti inasogezwa hatua, kikao kinaanza upya. Ukitaka kuongeza kani mpya huvunji baraza. Unaleta mzee mwingine anayejua kujibu swali lile lile, unamketisha, basi. Ndiyo maana watu waliweza kuleta kujaa na kupwa kwa bahari, kuvimba kwa ardhi yenyewe inapovutwa na mwezi, hata Einstein, bila kugusa kazi ya waliotangulia.

Mzee Hewa ndiye mkorofi kuliko wote. Kani yake inategemea eneo la setilaiti, mraba wa kasi yake, na uzito wa hewa mahali pale. Na hewa ya juu haitulii. Jua likichafuka, hewa hupashwa moto, ikavimba, ikapanda. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink, ikaja dhoruba ya jua, na zipatazo 40 zikapotea kwa sababu hewa ilizidi mbele yao. Si mchezo.

Nilipomketisha Mzee Hewa katika hesabu yangu, 1KUNS-PF ikaanguka ndani ya miezi michache. Ya kweli ilikaa takriban miaka miwili. Nikamlaumu mzee. Nikasema hewa yao imezidi, hawa watu hawakupima vizuri. Nilianza hata kuandika kani yangu mwenyewe ya kuinua kidogo, na niliipa jina, jina ambalo sitalitaja hapa. Usiku wa tatu ndipo nikaona. Setilaiti ile ni kisanduku cha sentimita 10 kila upande, uso wake ni mita za mraba 0.01. Mimi nilikuwa nimeandika 0.1. Nilirusha sinia badala ya kisanduku! Nikafuta kani yangu nikiangalia huku na huku kama mwizi, ingawa chumbani nilikuwa peke yangu. Clairaut alingoja miaka miwili, mimi siku tatu, nina nafuu.

Baada ya hapo ndipo nikarudi kwenye swali la babu. Nani aliipima?

Mwanzo ni Sputnik, iliyorushwa Oktoba 1957 ikaanguka Januari 1958. Kwa kutazama jinsi setilaiti zinavyoshuka, wataalamu walikisia hewa ilivyo. Lakini hesabu niliyoitumia mimi inaitwa NRLMSISE-00. Mama yake ni MSIS, iliyochapishwa mwaka 1977 na Alan Hedin na wenzake wa NASA. Waliijenga kwa vipimo vya setilaiti 5 na vituo 4 vya rada ardhini. Nikasoma majina ya zile setilaiti: AE-B, OGO 6, Aeros A, AE-C. Na ya tano, San Marco 3.

Mtoto wa Malindi hahitaji kuelezwa San Marco ni nini. Ile minara ya Wataliani baharini, mbele ya Ngomeni, tumekua tukiiona. Profesa Luigi Broglio aliona kwamba kurusha karibu na ikweta kunampa mrushaji msukumo wa bure wa dunia inayozunguka. San Marco 2 ilipaa kutoka majukwaa hayo Aprili 1967. Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kutazama miale ya eksirei ya nyota, ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu, ndiyo sababu ya jina lake. Na San Marco 3 ilipaa tarehe 24 Aprili 1971. Kurusha kwa mwisho kulikuwa Machi 1988.

Ujanja wa Broglio ulikuwa mzuri mno. Setilaiti yake ilikuwa gamba jepesi nje na kiini kizito ndani, vimeunganishwa kwa mikono yenye kunyumbuka. Hewa inapogonga gamba, gamba linasogea kidogo, kiini hakijali. Pima kusogea huko, umepima kani ya hewa yenyewe, papo hapo. Na San Marco 3 ilibeba pia chombo cha kuchambua aina za hewa, ambacho vipimo vyake ndivyo vilivyoingia MSIS.

Kwa hiyo kisanduku cha Nairobi kilipokuwa kinashuka ndani ya kompyuta yangu, kilikuwa kinapita katika hewa iliyopimwa, kwa sehemu, na chombo kilichoondokea upeo wa macho yetu. Katika jina NRLMSISE-00 hamna herufi hata moja ya Ngomeni. Nililichukia hilo kwa siku mbili tatu. Kisha nikaweka maelezo mistari minne, kwa Kiswahili, juu ya kodi yangu mwenyewe, pale Mzee Hewa anapoketishwa.

Nikamsomea babu. Mwaka 1971 alikuwa kijana wa mashua, na anasema siku ya kurusha waliambiwa wakae mbali, samaki wa siku hiyo wakasamehewa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hicho kisanduku cha Nairobi," akauliza, "kilitua bahari gani?"

"Hakikutua, babu. Kiliungua hewani."

Akarudi kwenye wavu. "Basi hakikumharibia mtu nyavu."