Paniolo na Umwungere

Katika visiwa vya Hawaii mchunga ng'ombe huitwa paniolo. Mwaka 1793 nahodha George Vancouver alimpelekea Kamehameha wa Kwanza zawadi ya ng'ombe. Wakaachwa wazaliane hata wakawa wanyama wa mwitu. Katika miaka ya 1830 wakaitwa wachungaji wapanda farasi kutoka California, iliyokuwa bado ya Mexico, waje kuwafundisha wenyeji. Wageni hao walisema español, yaani Kihispania. Kihawaii hakina sauti ya s, na kila silabi yake huishia kwa irabu. Basi neno likawa paniolo. Jina la lugha likageuka jina la kazi.

Burundi ni kinyume. Toka Gitega hadi Muyinga mchungaji ni umwungere, neno la Kirundi lenyewe, na makanisa yamelitwaa kama sisi tulivyolitwaa mchungaji. Hata salamu ni ya zizini: «Amashyo!», maana yake, uwe na makundi ya ng'ombe.

Lakini tusiione salamu hiyo kuwa tamu tu. Palikuwako ubugabire: tajiri humpa mtu ng'ombe, na mpewaji, umugabire, humlipa kwa kazi na utii. Kitenzi kugaba ni ndugu wa gawa letu, ila hapa aliyegawiwa alifungwa kwa mgawaji, na ng'ombe aliweza kurudishwa kwa mwenyewe. Desturi hiyo ilifutwa katika miaka ya 1950, kabla ya uhuru wa 1962. Salamu imebaki, huambiwa hata mtu asiye na ndama.