Vipokezi vya harufu: kwa nini ni vigumu kutengeneza protini za pua maabara

Maziwa yakichacha, unajua kabla hujayaonja. Ugali ukianza kuungua, unanusa ukiwa nje. Kazi hiyo inaanzia kwenye protini ndogo sana zilizo ndani ya pua, ziitwazo vipokezi vya harufu. Wanasayansi wanajitahidi kuzitengeneza maabara ili wazichunguze. Makala hii inaeleza wanavyofanya, na kwa nini kazi hiyo imechukua miaka mingi.

Vipokezi vya harufu ni nini?

Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, kuna sehemu ndogo yenye mamilioni ya seli za neva. Kwa kawaida kila seli hubeba aina moja ya kipokezi. Binadamu ana aina zipatazo 400. Panya ana zaidi ya 1,000, na tembo wa Afrika karibu 2,000.

Jeni zenye maelekezo ya kutengeneza vipokezi hivi ziligunduliwa na Wamarekani Linda Buck na Richard Axel, waliochapisha matokeo yao mwaka 1991. Mwaka 2004 walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Je, aina 400 zinatosha kweli? Zinatosha, kwa sababu harufu moja huamsha vipokezi kadhaa kwa pamoja, na ubongo husoma mchanganyiko huo. Ni kama namba za simu: tarakimu ni kumi tu, 0 hadi 9, lakini zikipangwa tofauti zinatosha mamilioni ya watu.

Protini hutengenezwaje maabara?

Wataalamu huchukua jeni ya binadamu na kuiingiza kwenye seli nyingine, kama vile bakteria, hamira au seli za mnyama zinazokuzwa maabara. Seli hiyo husoma maelekezo na kutengeneza protini, ambayo huitwa protini rekombinanti. Njia hii si ngeni: insulini wanayojidunga wagonjwa wengi wa kisukari hutengenezwa hivyo, na Marekani iliiidhinisha mwaka 1982.

Ugumu uko wapi?

Insulini hukaa vizuri kwenye maji. Kipokezi cha harufu hakiwezi. Makazi yake ni utando wa mafuta unaoizunguka seli, nacho huupita utando huo mara saba, kama uzi unaoshona pindo la kanga. Kikitolewa humo bila sabuni maalumu, huharibika umbo na kugandana. Tena, kikitengenezwa kwenye seli isiyo ya pua, mara nyingi hukwama ndani bila kufika juu ya seli, mahali pa kukutana na harufu.

Hatua zilizopigwa ni hizi:

- 2004: Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitambua protini saidizi zinazokisindikiza kipokezi hadi juu ya seli.
- 2008: Watafiti wa taasisi ya MIT, Marekani, walieleza namna ya kuvitengeneza bila seli hai, kwa kutumia kimiminika kinachotolewa kwenye kiini cha mbegu ya ngano.
- 2023: Kwa mara ya kwanza, umbo la kipokezi cha harufu cha binadamu lilionekana kwa undani kikiwa kimeshika harufu yake. Kinaitwa OR51E2, na harufu ilikuwa ya propioneti, inayokumbusha jibini. Kipokezi hiki kinapatikana pia kwenye tezi dume, jambo linaloonyesha kuwa baadhi ya protini hizi zina kazi nje ya pua.

Kuna faida gani?

Kule Morogoro, panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO hunusa makohozi na kuonyesha sampuli zinazoshukiwa kuwa na kifua kikuu, kisha maabara huthibitisha. Panya huyo anahitaji miezi ya mafunzo, chakula na mapumziko. Watafiti wanatamani kifaa chenye vipokezi halisi kitakachonusa ugonjwa au chakula kilichoharibika. Ili kukijenga, kwanza wanahitaji protini za kutosha, zenye umbo sahihi na zisizoharibika haraka. Hapo ndipo kazi ilipo hadi sasa.

Faida ya pili ni kuielewa pua yenyewe. Wakati wa Uviko-19 watu wengi walipoteza uwezo wa kunusa. Uchunguzi ulionyesha kuwa virusi hushambulia zaidi seli zinazozihudumia seli za neva, na kwamba seli za neva nazo zikapunguza kutengeneza vipokezi vyake.

Ya kukumbuka

Mtu asiyenusa hawezi kugundua moshi, gesi inayovuja wala chakula kilichooza. Ukiona hali hiyo haiishi hata baada ya mafua kupona, usiipuuze: nenda kituo cha afya ukapimwe. Nyumbani, mwombe mwenzako akunusie chakula na mtungi wa gesi.