Bunduki na Jicho la Mwindaji katika Njia ya Unyamwezi

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wamelisikia kwa wazee wao, lakini ni wachache waliolipima: bunduki ilimpa nini mwindaji wa Unyamwezi, na ilimnyima nini. Ilikuja kwa njia ya misafara, toka Bagamoyo mpaka Tabora, safari ya miezi miwili au mitatu kwa miguu, na wapagazi walioichukua begani walikuwa wengi wao Wanyamwezi wenyewe.

Kabla yake tembo aliwindwa kwa mkuki, kwa mashimo na kwa sumu. Kazi hiyo haikuwa ya kila mtu. Wawindaji walikuwa na chama chao, chenye dawa na miiko yake, na katika wawindaji hao ndiko lilikotoka jina la Wayeke, wale watu waliomfuata Msiri mpaka Katanga. Huko Msiri alijipatia nchi kwa pembe, kwa shaba na kwa baruti, akatawala hata alipouawa mwaka 1891.

Burton na Speke walipofika Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, waliwakuta wafanya biashara Waarabu wamekwisha kaa. Wakati ule bunduki nyingi zilizoletwa bara zilikuwa za kushindilia kwa mdomoni, ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiziacha. Hizo ndizo twaziita magobori. Nyingine ziliwashwa kwa gumegume, na nyingine kwa fataki.

Yafaa tuitazame kazi ya gobori hatua kwa hatua. Kwanza mtu humimina baruti kwa kiasi. Ikipungua risasi haina nguvu, ikizidi mtutu waweza kupasuka usoni pake. Kisha hutia kitambaa au nyuzi za gome, akashindilia kwa mdeki, akatia risasi, akashindilia tena. Ndipo huweka fataki, au baruti kidogo penye gumegume. Akifyatua, moshi humfunika, asijue kama mnyama ameanguka au anamjia. Mvua ikinyesha, baruti yalowa. Tena, kwa kuwa mtutu ni laini ndani, risasi haiendi sawasawa. Zaidi ya hatua 50 au 80 hapana mtu wa kuapa kwamba atapiga pale alipokusudia. Kwa hiyo mwindaji wa gobori alilazimika kumkaribia tembo, kama babu yake wa mkuki, ila alikuwa na pigo moja tu lenye nguvu. Selous, Mwingereza aliyeanza kuwinda tembo kusini ya Afrika katika miaka ya 1870, alitumia gobori lenye kurusha risasi ya robo ratili, na pigo lake lilimwumiza bega mpigaji mwenyewe.

Udhaifu huo Mirambo wa Urambo aliufahamu vema. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, na Waarabu wa Tabora wakaondoka kumpiga, Stanley akiwa pamoja nao. Mwezi wa Agosti kikosi cha Soud bin Said kiliteka Wilyankuru, kikarudi kimejaa pembe na mateka. Watu wa Mirambo walikuwa wamejificha majanini pande zote mbili za njia. Walipowarukia kwa mikuki, pale mtu na mtu, gobori lilikuwa rungu tu, maana nafasi ya kushindilia haikuwapo. Soud akafa, na siku chache baadaye Mirambo akaingia Tabora, akaichoma moto sehemu yake. Wala tusidhani Mirambo aliidharau bunduki. Rugaruga wake walikuwa nazo nyingi. Alijua tu wakati wake.

Lililo zito zaidi ni baruti. Mkuki waliufua wahunzi wa nyumbani, lakini bunduki na baruti nyingi zilitoka pwani, na aliyeishika njia alizishika bunduki zote zilizo mbele yake. Tena mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikatazana kuleta silaha bora bara, wakaruhusu gumegume zisizo na mifuo ndani. Hivyo mwananchi alibaki na ile ya moshi. Mwezi wa Januari 1893 Wadachi walipoivunja ngome ya mtemi Isike pale Unyanyembe, yeye aliitia moto ghala yake ya baruti.

Baadaye zilikuja bunduki za mifuo, na mwisho zile zenye darubini juu. Watu huuliza kama darubini si jawabu la taabu zote. Pasipo darubini jicho lapaswa kulinganisha vitu vitatu, yaani alama ya nyuma, alama ya mbele na mnyama, navyo haviwezi kuonekana vizuri vyote pamoja. Darubini huviweka mahali pamoja, na magharibi, wakati nuru inapofifia, humwonyesha mtu pembe asizoziona kwa jicho tupu. Kwa mtu mzima ambaye macho yameanza kuchoka, hiyo ni neema kubwa.

Lakini miombo ya Tabora si uwanda mtupu. Tembo au nyati akitokea kichakani hatua 15 mbele yako, darubini yakuonyesha kipande cha ngozi tu, usijue ni bega au paja. Vioo hupata ukungu asubuhi ya mvua. Ikigongwa mtini huenda kombo, na mwenyewe hajui mpaka amekosa. Ukiisogeza karibu mno, yakupasua nyusi. Ndiyo sababu wawindaji wengi wa tembo walishika bunduki nzito isiyo na kioo. Tena yule aliyempiga swala kwa hatua 300 akamjeruhi tu, darubini haikumfupishia njia: alipaswa kuzitembea hatua zile zote, akatafute damu majanini.