Mwembe Katikati ya Pori

Likizo iliyopita mjomba alinipakia kwenye bodaboda tukaenda kuangalia kipande cha ardhi cha ukoo wetu, mwendo wa saa nzima kutoka Ruangwa mjini. Anataka kukodi tingatinga ling'oe kila kitu, kisha apande mikorosho. "Hapa hapana kitu, mpwa wangu," alisema. "Pori tupu."

Jioni nilimsimulia bibi. Akauliza swali moja tu: "Ule mwembe bado upo?"

Upo. Mwembe katikati ya mitondoro na myombo haukwenda huko kwa miguu yake. Kuna mtu alikula embe akatupa kokwa karibu na mlango wake. Huku kwetu ukikuta mwembe porini ujue umesimama kwenye mahame.

Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu Mpango wa Karanga, na maneno ya mjomba yalinishtua kwa sababu nimeyasoma sana kwa Kiingereza. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, nchi yake ikiwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield kutafuta mahali pa kulima karanga. Walizunguka wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege. Kutoka juu waliona miti na watu wachache mno. Pendekezo lao lilikuwa la ekari milioni 3.2, na zaidi ya nusu yake iwe huku kusini, Nachingwea ikiwa kitovu.

Hakuna aliyeuliza kwa nini watu walikuwa wachache.

Hapo ndipo somo la ikolojia lilipoanza kunihusu. Shuleni tulikariri kwamba ni elimu ya mahusiano ya viumbe hai na mazingira yao, tukachora swala na simba, tukafaulu. Sikujua kwamba mwanadamu ana nafasi kwenye mchoro ule. Chukua mbung'o. Anahitaji kivuli cha vichaka na damu ya wanyama pori. Watu wakiwa wengi wakalima na kufyeka, kivuli hupungua, nguruwe na pofu husogea mbali, na mbung'o huondoka nao. Jembe la mkono lilikuwa linazuia malale.

Kisha ikaja Maji Maji. Vita vilianza Umatumbi Julai 1905, vikashuka hadi kwa Wamwera. Utawala wa Gustav Adolf von Götzen ulijibu kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikamaliza kazi ambayo risasi ziliianza. Wanahistoria wa Tanzania wanataja vifo vinavyofika 250,000 hadi 300,000 kote kusini. Mashamba yasiyo na watu yalirudi kuwa vichaka, wanyama wakarudi, mbung'o wakawafuata. Miaka ya 1940, jirani zetu wa Liwale walihamishwa na serikali kwa sababu ya malale, na nyumba zao nazo zikawa mahame. Helge Kjekshus aliandika kitabu kizima kuhusu mzunguko huu mwaka 1977. Ningependa kila mtu anayesema "pori la asili" akisome.

Kwa hiyo kile ambacho Wakefield alikiona kutoka angani kilikuwa kaburi lililoota miti.

Habari za mpango wenyewe zinajulikana, nitazipita haraka. Kongwa udongo wa mfinyanzi uligeuka kama saruji kiangazi kilipofika. Vifaru vya vita vilibadilishwa kuwa matrekta. Januari 1951 mpango ulifutwa, hasara ikifika takriban pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilibaki. Reli ya Nachingwea iling'olewa baada ya uhuru.

Kinachonikaa kichwani ni mizizi. Kuangusha miombo kwa mashine hakukuwa kazi ngumu sana. Shida ilikuwa chini, kwa sababu mti wa miombo ukikatwa huchipua tena kutoka mizizini, na mizizi ile haiishi peke yake. Imevikwa kuvu wanaoutafutia mti fosforasi kwenye udongo maskini, na mti huwalipa kwa sukari. Rutuba ndogo iliyopo imekaa juu juu, kwenye majani yanayooza na vichuguu vya mchwa. Tingatinga likisukuma miti hukwangua na ngozi hiyo. Karanga nayo ina wenzake: bakteria kwenye vinundu vya mizizi wanaoipa naitrojeni, na maadui, vidukari wanaobeba virusi vya rozeti. Wakulima wetu huchanganya karanga na mahindi au mtama, jambo linalompa kidukari tabu. Ekari elfu kwa elfu za karanga tupu ni karamu yake.

Mjomba akisikia haya hucheka. "Mimi sipandi karanga." Kweli. Lakini korosho nayo ina hadithi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Operesheni Vijiji ikawahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, vichaka vikarudi chini yake, na kuvu wa ubwiriunga akashika maua ambayo hakuna aliyekuwa jirani kuyahudumia. Bei mbaya nayo ilichangia. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Ni mwendo uleule wa 1905: ondoa watu, na vingine vyote vinapanga upya safu.

Siwezi kumwambia mjomba asilime. Ana watoto watatu shuleni, mimi ninasomea mkopo, na bei ya korosho ya miaka hii inaingia akilini. Pia sitaki kusema pori liachwe kama lilivyo, wakati nimetumia kurasa tatu kueleza kwamba lilikuwa shamba la watu.

Bibi alikuwa na hoja yake. Masika huenda kule kuokota uyoga, na huuokota chini ya mitondoro tu. Uyoga ule ni tunda la wale kuvu wa mizizini. Bila mtondoro hauoti, na hakuna aliyefaulu kuupanda shambani. Nilimweleza. Akaniambia hilo analijua, ila sehemu ya sukari hakuijua.

Mjomba amekubali kuuacha mwembe. Uyoga hakuutaja. Mwenye tingatinga ameahidi kufika Juni, ardhi ikishakauka.