Nani Aitwe Mtafiti?

Mwaka 1973, mjini Lubumbashi, watu wawili walianza kazi ambayo leo vyuo vya sanaa vya Ulaya vingeiita utafiti wa kisanaa wa kushirikiana. Mmoja alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947, aliyeishi kwa kuuza tablo. Mwingine alikuwa Johannes Fabian, Mjerumani, mwalimu wa anthropolojia kwenye chuo kikuu cha pale. Lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili cha Katanga, kile kinachochanganywa na Kifaransa, ambacho watu wengine hapa kambini wakikisikia wanacheka. Mimi nakiheshimu, kwa sababu ndani yake kuna swali linalotuhusu: watu wawili wakitafuta ujuzi pamoja, nani anaitwa mtafiti, na nani anabaki "mtoa habari"?

Wazee waliokulia Lubumbashi wanazikumbuka hizo tablo. Zilitundikwa sebuleni: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, Lumumba, au zama za Wabelgiji, mfungwa amelazwa chini anachapwa. Nyingi zilichorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Mgeni akiingia, akiinua macho ukutani, basi mazungumzo yameanza.

Tshibumba alitaka zaidi ya kuuza moja moja. Alijiona mwanahistoria. Fabian alipompa nafasi, alichora historia ya nchi nzima, kutoka wafalme wa kabla ya Wazungu hadi Zaire ya Mobutu, tablo 101. Halafu wakakaa na kinasa sauti, wakazungumzia moja baada ya nyingine. Humo wamo wafanyakazi wa migodi ya Union Minière waliogoma Desemba 1941, wakapigwa risasi kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Yumo Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 si mbali na mji huohuo. Nyuma ya maiti yake Tshibumba ameweka misalaba mitatu kilimani.

Misalaba ile haikuwepo pale porini, kila mtu anajua. Ni hoja. Anasema mtu huyu alikufa kwa ajili ya wengine, na anakwambia bila kuandika sentensi. Ndiyo maana nasema ule ulikuwa utafiti. Hakuwa anapamba historia ya vitabuni. Alikuwa anabishana nayo.

Wala hakuwa wa kwanza pale mjini. Mwaka 1965 wafanyakazi wa nyumbani, maboi waliopika na kufua kwa Wabelgiji, walitoa historia ya Elisabethville kwa Kiswahili, mwandishi wake akiwa André Yav. Watu wasio na digrii walikuwa tayari wanaandika habari za mji wao.

Sasa matokeo. Mwaka 1996, zaidi ya miaka ishirini baadaye, Fabian alitoa kitabu kwa Kiingereza. Tuseme haki: jina la Tshibumba limo, kama mwenye picha na masimulizi, na maneno yake yamepewa nafasi kubwa. Baadaye mazungumzo yao yaliwekwa pia kwenye intaneti kwa Kiswahili chenyewe. Wachache walifanya hivyo. Lakini wakati kitabu kinatoka, Tshibumba alikuwa hajulikani aliko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tablo zenyewe zilifika kwenye jumba la makumbusho la Amsterdam. Mtoto wa Lubumbashi akitaka kuziona kwa macho, aanze kwa kuomba viza.

Tangu miaka ile vyuo vimebadilika. Leo msanii anaweza kusoma uzamili, hata udaktari, na kazi yake ya sanaa ikahesabiwa kuwa utafiti, pamoja na maandishi anayotoa. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, ni mfano mzuri. Mwaka 2006, katika picha zake zilizoitwa Mémoire, alichukua wafanyakazi wa picha za zamani za kikoloni akawasimamisha juu ya picha alizopiga mwenyewe za viwanda vya Gécamines vilivyokufa. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha Picha, nyumba ya sanaa palepale mjini. Mwaka 2019 alianza utafiti wa udaktari kwenye chuo cha sanaa cha Antwerpen, Ubelgiji. Moja ya mambo anayochunguza ni lukasa, kibao cha Waluba chenye shanga, ambacho mjuzi hukigusa kwa vidole huku akisimulia historia ya ufalme. Yaani mtoto wa Lubumbashi sasa ndiye anayeuliza maswali, na anauliza kwa kutumia kumbukumbu za nyumbani.

Hilo linanifurahisha. Ila kwa sisi wa kambini mlango bado unafunguka upande mmoja. Mwaka juzi walikuja wanafunzi wa uzamili kwenye kituo chetu cha vijana. Watu wazuri, walisikiliza, walicheka na sisi. Vijana kumi na wanne walichora ramani za njia walizokimbilia. Walitia sahihi fomu ya ridhaa ya Kiingereza, wengine kwa kuiga mwenzao alivyotia. Karatasi zikakunjwa, zikaondoka. Hadi leo hata nakala hatujaiona. Binti mmoja alikuwa amechora nyumba ya bibi yake, mwembe uko mlangoni. Hana picha nyingine ya nyumba ile, na bibi amefariki.

Siwaiti wezi. Nasema mpango wenyewe haukuwa wa kushirikiana, hata kama neno hilo lilikuwa limeandikwa juu ya fomu.

Ndugu zetu wa mashirika, ninyi ndio mnaowapitisha wageni getini, kwa hiyo naomba tusaidiane. Makubaliano yasomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo kijana anaielewa, na aruhusiwe kukataa bila kupoteza nafasi yake kwenye shughuli nyingine. Kila mchoro upigwe picha kwa simu siku hiyohiyo na nakala ibaki kituoni. Anayetaka jina lake liandikwe, liandikwe kama mwenye kazi. Na mwenye hofu kwa ajili ya usalama wake achague jina lingine yeye mwenyewe. Kazi ikiisha, muhtasari urudi kwa Kiswahili, usomwe mbele ya waliochora, wapate kusema hapa mmekosea.

Na sisi vijana tusikae kungoja wageni. Kituoni tumeanza daftari: kila Jumamosi kijana anakwenda kwa mzee mmoja wa zoni yake, anauliza, anachora, anaandika alichoambiwa kwa Kiswahili kile kile cha mzee. Jina la mzee linawekwa juu, la kijana chini yake. Hadi sasa tuna wazee tisa. Yule wa kumi, anayesema aliwahi kuwa na tablo ya mamba muntu sebuleni kwake Lubumbashi, ametuambia tuje na penseli za rangi.